Kwa nini kisima chetu kinatoa maji machache? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wingi wa maji ya visima vijijini

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa na viongozi wa vijiji, mafundi wa pampu na wanachama wa vyombo vya watumia maji (CBWSO). Mifano mingi imetoka Tanzania ya kati, hasa Dodoma na Singida, kwa sababu huko kisima cha mita 120 huweza kutoka kikavu huku cha jirani cha mita 50 kikihudumia shule, zahanati na mnada wa ng'ombe.

## Mambo ya msingi

1. Mtu akisema "wingi wa maji ya kisima", ana maana gani hasa?

Ni kiasi cha maji ambacho kisima kinaweza kutoa kwa saa, mfululizo, bila maji kushuka hadi kuikaribia pampu. Wachimbaji wengi hutaja lita kwa saa. Wahandisi huandika mita za ujazo kwa saa (moja ni lita 1,000) au lita kwa sekunde (moja ni lita 3,600 kwa saa). Kabla ya kubishana kuhusu ripoti, hakikisheni mnasoma kipimo kilekile.

Hata hivyo, namba hiyo peke yake haitoshi. Chukua visima viwili, vyote vinatoa lita 3,000 kwa saa. Katika cha kwanza maji yalikuwa mita 18 kutoka juu, na pampu ilipofanya kazi yakashuka hadi mita 30. Katika cha pili yalishuka kutoka mita 18 hadi 21 tu. Cha kwanza kinatoa lita 250 kwa kila mita ya mshuko, cha pili lita 1,000. Cha pili kina akiba kubwa, cha kwanza kimeshafika karibu na mwisho wake. Ripoti isiyotaja mshuko haijawaambia kitu.

2. Kijiji chetu kinahitaji kisima cha lita ngapi?

Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400. Watu 250 ni lita 6,250 kwa siku. Bomba la mkono lililo zima hutoa kati ya lita 700 na 1,000 kwa saa, kwa hiyo litafanya kazi kutwa nzima. Kisima cha bomba la mkono hakihitaji mwamba wa ajabu.

Mradi wa bomba kwa watu 2,000 ni habari nyingine. Hapo mnahitaji lita 50,000 kwa siku. Kwa jenereta ya saa 10, kisima kitoe lita 5,000 kwa saa. Kwa sola, ukihesabu saa 6 za jua la maana, kisima hichohicho kitatakiwa kutoa zaidi ya lita 8,300 kwa saa. Vijiji vingi huhama kutoka dizeli kwenda sola bila mtu yeyote kufanya hesabu hii, kisha lawama zinaishia kwa kisima.

3. Tukiongeza mita za kuchimba, maji yataongezeka?

Inategemea mwamba. Kwenye matabaka ya mchanga ya pwani, kila mita ya ziada ya mchanga ni maji ya ziada. Huko Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam, visima vimechimbwa mamia ya mita kwa sababu hiyo. Kwenye mwamba mgumu wa bara, mara nyingi jibu ni hapana, na sababu iko katika swali la 5. Mkataba unaolipa mchimbaji kwa mita humpa kila sababu ya kuendelea kushuka hata pale mtaalamu wa miamba angesema basi.

4. Na kipenyo kikubwa je?

Kwa kisima kirefu, faida ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukiongeza kipenyo mara mbili, wingi wa maji huongezeka kwa takriban asilimia 10 tu, kwa kuwa kikwazo kiko kwenye mwamba unaoyaleta maji. Kipenyo kikubwa kina maana pale pampu inapohitaji nafasi, au pale changarawe inapotakiwa kuzunguka bomba.

Kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mkono ni tofauti, kwa sababu chenyewe ni tangi. Chenye upana wa mita 1.2 huhifadhi zaidi ya lita 1,100 kwa kila mita ya maji. Kinaweza kujaa polepole usiku kucha na asubuhi kikahimili foleni ya ndoo.

## Mwamba na ardhi

5. Kwa nini Dodoma na Singida kisima kimoja kinatoa maji na kingine, hatua mia kando, ni kikavu?

Chini ya sehemu kubwa ya kanda ya kati kuna matale (graniti) na miamba mingine ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba huo ukiwa mzima hauna nafasi ya kukaa maji. Maji hukaa sehemu mbili: kwenye tabaka la juu lililooza kwa mvua na jua la mamilioni ya miaka, na kwenye mipasuko ya mwamba ulio chini yake. Sehemu yenye neema zaidi huwa ni pale viwili hivyo vinapokutana, chini kabisa ya tabaka lililooza, ambako mwamba umevunjikavunjika bila kugeuka udongo.

Unene wa tabaka hilo hubadilika ghafla. Penye mawe makubwa yaliyochomoza juu, kama yale ya pembeni mwa mji wa Singida, huenda usipate mita tano. Bondeni, juu ya ufa wa zamani, unaweza kupata mita 40 au zaidi. Visima viwili vinaweza kuwa shamba moja na bado kimoja kikaangukia kwenye ufa, kingine kwenye jiwe zima.

Kadiri unavyoshuka, uzito wa mwamba huibana mipasuko. Ndiyo maana, ukishapita mita 80 hadi 100 kwenye mwamba wa aina hii bila kupata maji, uwezekano wa kuyapata unazidi kupungua. Si kwamba haitokei kamwe. Lakini fedha za mita hizo mara nyingi zingefanya kazi zaidi zikitumika kupima eneo lingine.

6. Udongo wa mfinyanzi umelowa chapachapa. Mbona kisima hakitoi?

Kushika maji si kutoa maji. Mfinyanzi unaweza kuwa na nafasi kubwa ya maji kuliko mchanga, nusu ya ujazo wake wakati mwingine, lakini vijitundu vyake ni vidogo mno na maji yanabaki yameng'ang'ania. Mchanga una nafasi ndogo zaidi ila unayaachia. Mchimbaji akileta juu tope la mfinyanzi lililolowa, msishangilie bado.

7. Sehemu nyingine za nchi zikoje?

Miamba ya volkano ya kaskazini, kuzunguka Meru na Kilimanjaro, inaweza kutoa maji mengi sana, lakini angalieni swali la 17 kabla ya kufurahi. Miamba ya mchanga na matabaka ya pwani kwa kawaida hutoa zaidi kuliko mwamba mgumu. Mabonde ya mito yenye mchanga mzito ni mazuri kama mchanga haujachanganyika na mfinyanzi.

8. Tumtumie mpima wa vijiti, yule anayetafuta maji kwa kijiti mkononi, au tulipie savei?

Savei. Vijiti havijawahi kuthibitika kushinda bahati. Mara nyingi mzee wa vijiti "hufaulu" kwa sababu anajua ardhi yake: amekulia hapo, anajua mikuyu inapostawi kiangazi na chemchemi iliyokauka mwaka gani. Maarifa hayo yana thamani, mpeni nafasi ya kumwonyesha mpimaji. Miti ya namna hiyo kwa kawaida huashiria maji yaliyo karibu na juu, si lazima mpasuko wa mita 60.

Savei nzuri hupitisha umeme ardhini na kusoma ukinzani wake ili kukadiria unene wa tabaka lililooza na mahali mwamba ulipopasuka. Haioni maji moja kwa moja, na mpimaji anayewaahidi "lita 6,000 hapa" anapita mipaka ya kifaa chake. Dai pointi angalau mbili au tatu zilizopangwa kwa ubora, siyo moja iliyo karibu na ofisi ya kijiji.

## Uchimbaji na upimaji

9. Siku ya kuchimba maji yaliruka juu kuliko mtambo. Sasa pampu inatoa kidogo. Tumeibiwa?

Huenda hapana. Kompresa husukuma maji yaliyojaa kwenye shimo na kwenye mipasuko ya karibu, na kwa nusu saa picha inapendeza. Makadirio ya kupuliza ni ya kumsaidia mchimbaji kuamua kama aendelee, si ya kununulia pampu. Wizi, kama upo, uko pale fedha za upimaji wa pampu zilipolipwa na upimaji wenyewe ukaishia kwenye kupuliza.

10. Ni makosa gani ya ujenzi yanayoua kisima kizuri?

La kwanza ni bomba lenye matundu, yaani kichujio, kuwekwa mahali pasipo na maji. Mchimbaji asiyeandika sampuli za kila mita hajui maji yaliingia wapi, hivyo anakisia. Kichujio kikikaa mbele ya mfinyanzi na bomba zima likakaa mbele ya mpasuko, mmeziba mlango kwa mkono wenu.

La pili ni kichujio cha kukata kwa msumeno uwanjani. Mipasuo inakuwa michache, mipana na isiyolingana: maji yanaingia kwa shida na mchanga unaingia kwa raha. Kichujio cha kiwandani chenye mipasuo ya kati ya milimita 0.5 na 1 kinagharimu zaidi, na hapa sioni sababu ya kubana matumizi.

La tatu ni changarawe. Inatakiwa iwe ya mviringo, safi, iliyooshwa, ya milimita 2 hadi 4 au kulingana na mchanga wa mahali. Kokoto za kupondwa za ujenzi zenye vumbi hazifai.

Kisha kuna kusafisha. Uchimbaji, hasa wa kutumia tope, hupaka kuta za shimo utando unaozuia maji. Utando huo huondolewa kwa kuyasukuma maji ndani na nje na kupuliza kwa saa kadhaa, hadi yatoke maangavu bila mchanga. Mtambo ukiondoka maji yakiwa bado ya rangi ya chai ya maziwa, kazi haijaisha, hata kama fundi anasema "yatajisafisha yenyewe". Baadhi ya visima husemwa vina maji machache kumbe havikusafishwa.

11. Upimaji wa pampu ufanyike vipi na kwa muda gani?

Kwa bomba la mkono, saa 4 hadi 6 zinatosha. Kwa mradi wa pampu ya umeme au sola, anzeni na hatua kadhaa za kasi inayoongezeka, kisha kasi moja kwa saa 24 au zaidi, hadi 72 pale ambapo kijiji kizima kitategemea kisima hicho kimoja. Baada ya hapo zima pampu na uendelee kupima maji yanavyopanda. Kisima kinachorudi haraka kina lishe. Kinachochechemea hadi kesho yake kinawaambia kuwa mlikuwa mnakunywa akiba.

Upimaji wa mwishoni mwa kiangazi ndio wa kuaminika. Wa masika unapendeza kwenye ripoti. Kama ratiba inawalazimisha kupima masika, chagueni pampu ndogo kuliko ripoti inavyoruhusu.

## Baada ya miaka kadhaa

12. Maji yamepungua. Tutajuaje kama tatizo ni kisima, pampu au mwamba?

Swali hili ndilo linaloamua fedha zitumike wapi, na huwa linarukwa. Kijiji kinachimba kisima kipya kumbe kilihitaji mipira ya pampu. Mnahitaji vipimo viwili: kina cha maji alfajiri kabla mtu hajachota, na kina baada ya pampu kufanya kazi saa mbili. Vipimo hivyo huchukuliwa kwa futi ndefu ya umeme inayolia ikigusa maji. Ulizeni RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) ya wilaya au ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde. Kisha linganisheni na ripoti ya siku ya kwanza.

Kama vina vyote viwili ni vilevile lakini ndoo inajaa polepole, mwamba hauna kosa. Angalieni mipira, vali na mabomba ya kupandishia. Kwa bomba la mkono kuna jaribio rahisi: chota hadi maji yatoke vizuri, acha nusu saa, kisha hesabu mipigo hadi maji yatoke tena. Mipigo ikiwa mingi, maji yanavuja kurudi chini.

Kama kina cha alfajiri hakijabadilika ila cha wakati wa kusukuma kimeshuka sana, kisima chenyewe kimeziba: kutu, chokaa, utando wa bakteria wa chuma, au mchanga uliojaa chini (someni swali la 16).

Kama kina cha alfajiri chenyewe kimeshuka, basi maji ya eneo yamepungua. Sababu inaweza kuwa ukame, jirani mpya, au ninyi wenyewe.

Bila ripoti ya siku ya kwanza hakuna la kulinganisha. Ripoti ile ikae kwenye faili la kijiji, nakala nyingine RUWASA, wala isibaki kwenye simu ya mkandarasi.

13. Tajiri amechimba kisima cha umwagiliaji karibu na chetu. Je, anatunyang'anya maji?

Anaweza. Kila kisima kinachosukumwa hushusha maji kukizunguka, zaidi karibu na kidogo zaidi mbali. Maduara ya visima viwili yakipishana, mshuko hujumlishwa. Jaribio la haki ni kupima kina chenu pampu yake ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa kwa saa kadhaa. Kelele za mkutano wa kijiji si ushahidi, namba ni ushahidi.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kuchimba na kutumia maji ya chini ya ardhi kwa kiwango hicho kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Pelekeni vipimo vyenu huko. Na hakikisheni kibali chenu wenyewe kipo, maana swali la kwanza mtakaloulizwa ni hilo.

14. Mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri. Mbona kisima hakijapanda?

Kwa sababu katika maeneo makavu mvua ya kawaida huishia kwenye majani, udongo na jua. Kumbukumbu za visima vya Makutupora vinavyolisha mji wa Dodoma, zinazoanzia miaka ya 1950, zinaonyesha kwamba maji ya ardhini hujazwa hasa na misimu michache yenye mvua kubwa kupita kiasi. Ujazo mkubwa kuliko yote katika kumbukumbu hizo ulitokea wakati wa El Niño ya 1997/98. Kati ya misimu hiyo, miaka hupita visima vikishuka tu.

Kwa hiyo "mvua nzuri" kwa mahindi si lazima iwe mvua ya kutosha kwa kisima. Pia inategemea ilivyonyesha: mvua kubwa za mfululizo zinazojaza makorongo hushuka chini kuliko manyunyu ya miezi.

15. Tangu tufunge pampu kubwa ya sola, maji hukatika saa nane mchana. Kwa nini?

Pampu inavuta kuliko mwamba unavyoleta. Jua likiwa kali maji yanashuka hadi pampu inapovuta hewa, au kinga yake inaizima. Funga vali kidogo, au weka pampu ndogo na tangi kubwa. Lita 2,500 kwa saa kwa saa 7 ni maji mengi kuliko lita 6,000 zinazokatika kila mara.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana. Maji yakishuka chini ya kichujio, hewa huingia na chuma au chokaa huganda kwenye matundu. Pampu yenyewe isiningʼinie mbele ya kichujio, ikae juu yake au kwenye bomba zima lililo chini.

16. Kisima kilichoziba kinaweza kufufuliwa?

Mara nyingi ndiyo, kama ujenzi ulikuwa mzuri. Hutolewa pampu, kikapigwa brashi, kikapulizwa kwa kompresa, na pengine kikatiwa asidi au klorini na watu wanaojua kazi hiyo. Gharama yake huwa chini sana kuliko kisima kipya. Kisima chenye kichujio cha msumeno kilichojaa mchanga, au bomba lililopasuka, mara nyingi hakifai kuhangaikiwa. Kama maji ya eneo ndiyo yaliyoshuka, kusafisha hakutasaidia chochote.

## Hali za pekee

17. Kisima kinatoa maji mengi, lakini maabara imekikataa. Inawezekanaje?

Wingi na ubora haviendi pamoja. Karibu na Meru na Kilimanjaro, na pia sehemu za Singida, Shinyanga na Manyara, maji huweza kuwa na floridi nyingi, ile inayobadilisha rangi ya meno na kuharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi miaka mingi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa, lakini ni rahisi zaidi kuchanganya na chanzo kingine au kuhamia kisima chenye floridi ndogo.

Kenya wana mfano wao: maji mengi yaliyotangazwa mwaka 2013 huko Lotikipi, Turkana, yalikuja kupimwa na kukutwa na chumvi nyingi mno kwa kunywa.

18. Tuko pwani. Kisima kilikuwa kitamu, sasa kina chumvi. Tuchimbe zaidi?

Msichimbe zaidi. Maji matamu ya pwani na visiwani yanaelea juu ya maji ya bahari. Kwa kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Mkishusha maji kwa mita moja kwa pampu, chumvi inaweza kupanda kwa mita nyingi kutoka chini. Kwenye mwamba wa matumbawe wa Unguja na Pemba, ambako maji hupita haraka, hali ni ya hatari zaidi. Dawa ni kupunguza kasi ya kusukuma, kugawa uchotaji kwenye visima vifupi vingi, na kuhamia mbali na ufuko.

19. Hatuna mwamba wa maana, ila tuna mto wa mchanga unaokauka. Unafaa?

Unafaa sana kuliko sifa unazopewa. Chini ya mchanga wa mto mkavu maji hubaki miezi mingi, na watu wa Dodoma wamekuwa wakiyafukua tangu zamani kwa ajili yao na mifugo. Kisima kifupi ukingoni, chenye matundu yaliyoelekea mtoni, kinaweza kutoa zaidi ya kisima cha mita 100 cha jiwe. Angalieni mafuriko, na angalieni malori ya mchanga: kila tipa linaloondoka limebeba tangi lenu.

20. Kisima kilitangazwa kikavu, lakini sasa kina maji. Tuweke pampu?

Kwanza pimeni. Katika mwamba wenye mipasuko myembamba maji huweza kuingia polepole kwa siku au wiki baada ya mtambo kuondoka, hasa kama uchimbaji uliziba mipasuko kwa vumbi. Safisheni kwa kompresa, kisha fanyeni upimaji wa swali la 11. Kikitoa lita 700 kwa saa kwa saa sita bila kuyumba, bomba la mkono linatosha, ili mradi maji yasishuke zaidi ya mita 45, kikomo cha kawaida cha Afridev, aina ya bomba la mkono. Kikitoa ndoo chache na kukauka, wekeni mfuniko wa chuma na mkitumie kupimia kina cha maji ya eneo. Kamwe msikiache wazi: mtoto au mbuzi akitumbukia, au taka zikiingia, mmeharibu zaidi ya kisima kimoja.